Ile "Tu" ya "Tumeitwa"

Bwana Yesu asifiwe.

Wachungaji, wazee wa kanisa, na ninyi wanandoa mlioketi hapo mbele mmeshikana mikono kana kwamba ndege inaondoka leo jioni, asanteni kwa kunialika. Ndugu aliyenipigia simu aliniomba nizungumze juu ya siku za kwanza za mafunzo ya umisheni ugenini, kisha akaongeza, "Dada, watie moyo." Nitajitahidi. Ila nitaanza kwa kuwatisha kidogo, maana mimi hakuna aliyenitisha kabla sijaondoka, na mpaka leo huwa natamani angetokea mtu wa kunitisha.

Mume wangu yumo humu, safu ya pili. Ameniruhusu kusema yote isipokuwa habari ya mabegi. Kwa hiyo naanza na mabegi.

Shirika la ndege lilitupa kilo 23 kila mmoja. Usiku wa kufungasha, mwenzangu akaanza kuingiza vitabu: fafanuzi za Biblia, kamusi mbili za Kiyunani, na majuzuu manne ya mtumishi mmoja ambaye simtaji jina kwa sababu bado anaheshimika nyumbani kwetu. Nilivipima kwenye mizani ya bafuni. Kilo 11. Ili vipate nafasi, vikatoka viatu vyangu jozi moja, shuka nzito, na mto niliolalia tangu usichana. Sikusema kitu. Nilijiambia tu moyoni: huyu ndiye aliyeitwa, acha abebe zana zake. Basi kwa wiki sita za mwanzo ni kitabu kimoja tu kati ya vile kilichopata kazi. Kilikaa chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Vitabu nilishamsamehe. Yale maneno niliyojiambia moyoni usiku ule, "huyu ndiye aliyeitwa," ndiyo yaliyonileta kusimama hapa.

Safari yenyewe siielezi. Unakaa, miguu inavimba, unafika.

Tulifika usiku. Chumba tulichopewa kilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili walikaa wanandoa wa taifa lingine, na kati yetu palikuwa na ubao mwembamba kiasi cha kumsikia jirani akifungua ukurasa wa Biblia. Vitanda viwili vya chuma, vya mtu mmoja mmoja. Tuliviunganisha, lakini kila tulipogeuka vikawa vinaachana polepole, mpaka alfajiri mume wangu akajikuta mguu mmoja uko sakafuni. Nyuma ya mlango palibandikwa ratiba: kuamka saa kumi na moja na nusu, ibada ya mtu binafsi, maombi ya pamoja, darasa, zamu za kazi, lugha, kikundi kidogo, taa kuzimwa saa nne usiku. Mwenzangu akaipitia na tochi ya simu, mstari kwa mstari, akitafuta palipoandikwa "kuhubiri." Akarudia mara ya pili. Hapakuwepo.

Mtanielewa mkijua alikuwa nani siku mbili kabla ya hapo. Alikuwa mtu anayeitwa kwenye mikutano. Watu walikuwa wakimbeba begi. Sasa amesimama na soksi mbele ya mlango wa mbao, anaangalia ni zamu ya nani kusafisha vyoo.

Shule nyingi za namna hii hufuata mpango unaofanana: miezi mitatu hivi ya darasani, kisha miwili au mitatu ya kutoka kwenda kwa watu. Mtu hudhani ile ya darasani ni ya kujazwa. Sisi tulianza kwa kumwagwa.

Siku ya pili asubuhi waliingia wakufunzi wawili, mume na mke, watu wazima waliokaa kwenye shamba la umisheni miaka mingi kuliko umri wa ndoa yetu. Yule mama hakusalimia sana. Aliwaweka waume upande mmoja na wake upande mwingine, akagawa karatasi na kalamu, akasema: "Andika umekuja kufanya nini hapa. Dakika 20. Msiulizane."

Nikainua kichwa nikamwona mume wangu anaandika kama mtu anayefukuzwa. Akajaza ukurasa, akaugeuza, akaendelea nyuma. Mimi nilikaa na ile kalamu. Niliandika mstari mmoja, nikaufuta, nikauandika tena vilevile: "Nimekuja kwa sababu mume wangu ameitwa."

Nilidhani karatasi zitakusanywa. Mama yule akasema, "Sasa badilishaneni, mume na mke, msome kimya."

Wapendwa, sijawahi kuona mtu akisoma mstari mmoja kwa muda mrefu namna ile. Mimi nilimaliza kurasa zake mbili, zenye maono na mistari ya Isaya, yeye bado yuko kwenye maneno yangu sita. Hakusema kitu mpaka jioni. Hakunikasirikia. Aliona haya, na nitawaambia kwa nini.

Kabla ya kuondoka tulizunguka makanisa tisa kuomba maombi na michango. Kila tuliposimama mbele, yeye alishika kipaza sauti akasema, "Wapendwa, tumeitwa." Mimi nikatabasamu. Watu wakasema amina. Tumeitwa, tumeona, tumesikia mzigo. Mnajua Kiswahili chetu kilivyo, kinaweza kumbeba mtu mzima ndani ya silabi moja bila kumwuliza. Aliyeitwa alikuwa mmoja. Ile "tu" ikanizoa na mimi, kama mtoto anayebebwa mgongoni akiwa usingizini, akija kuamka yuko ndani ya basi. Makanisa tisa, na hakuna mchungaji, hakuna mzee, hakuna mama wa idara yoyote aliyenivuta pembeni akaniuliza, "Na wewe je?" Mimi mwenyewe pia sikujiuliza. Sitaki mdhani nilionewa. Nilikuwa nampenda, nilikuwa nampenda Mungu, na nilidhani kumfuata wa kwanza ndiko kumtii wa pili.

Jioni ile mume wangu aliniuliza kwa minong'ono, kwa ajili ya ubao, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu kwa minong'ono vilevile, "Hukuuliza." Na hapo ndipo tulipoanza kugombana. Kama hamjawahi kugombana kwa kunong'ona, msitamani. Hasira haina pa kutokea. Lugha yetu majirani hawakuijua hata neno, lakini asubuhi yule dada wa upande wa pili alipokutana nami bombani alinishika mkono akauminya, akaenda zake. Kumbe maneno hawakuyahitaji.

Baadaye, nilipopata nafasi ya maktaba, nilianza kutafuta wanawake wenzangu ndani ya historia hii. Nilitaka kujua ile "tu" imebeba akina nani.

Nikamkuta Dorothy Carey. Mumewe, William, yule fundi viatu wa Uingereza anayetajwa kila mkutano wa umisheni, mwaka 1793 alipotaka kwenda India, Dorothy alisema hapana. Alikuwa mjamzito. William akajipanga kwenda na mtoto wao mkubwa tu. Meli ikakwama, safari ikachelewa, akarudi nyumbani. Dorothy, amejifungua juzijuzi, akabanwa tena, akakubali kwa haraka kwa sharti kwamba nduguye Kitty aende naye. Wakaondoka. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka mitano, akafa kwa ugonjwa wa kuhara, na Dorothy akaugua akili. Hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807. Katika miaka hiyohiyo Carey alikuwa akitafsiri Maandiko. Kazi yake siidharau, wako watu waliosoma Neno kwa lugha yao kwa sababu yake. Ila ninaposikia hotuba za kumsifu huwa nangoja jina la Dorothy, na mara nyingi nangoja mpaka watu wanaondoka.

Nikamkuta Rosina Krapf. Sisi wasema Kiswahili mumewe tunamjua: Johann Ludwig Krapf, aliyesomea umisheni Basel, akafika Mombasa mwaka 1844, akatoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikachapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rosina alifika naye mwaka huohuo wa 1844. Mwezi Julai akajifungua akiwa na homa, akafariki, na kichanga kikamfuata. Kwa hiyo kila ninapofungua kamusi ya Kiswahili nakumbuka kwamba mwanzoni kabisa mwa kazi ile pana kaburi la mama na mtoto.

Nilikuwa karibu kufunga vitabu nikafika kwa Ann Judson, nikacheka peke yangu maktabani. Ann na Adoniram walifunga ndoa tarehe 5 Februari 1812, na wiki mbili baadaye wakapanda meli kutoka Marekani. Fungate yao ilikuwa baharini. Humo melini Adoniram, katika kusoma na kutafsiri Agano Jipya, akaanza kuona shaka juu ya ubatizo wa watoto wachanga, wakati waliowatuma walikuwa watu wa kubatiza watoto. Ann akamwambia waziwazi: wewe ukiwa Mbaptisti, mimi siwi. Sasa huyo ni mke! Kisha akafungua Biblia yake mwenyewe, akasoma, akapima, na walipokwisha kufika Calcutta akashawishika kwa kusoma kwake. Wote wawili wakabatizwa Septemba mwaka ule, wakijua wanajikatia msaada wa waliowatuma. Watu wengi husimulia kisa kile kama kisa cha ubatizo. Mimi husoma pale "hapana" ya Ann. Ile "ndiyo" iliyokuja baadaye ilikuwa na uzito kwa sababu ilitanguliwa na "hapana" ambayo mumewe aliisikia na kuiacha ikae.

Walifika Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1813. Mtu wao wa kwanza walimbatiza mwaka 1819. Wanaopanga kutuma ripoti ya matunda mwezi wa kwanza wamesikia hesabu hiyo.

Na wale wawili wa kwenye Biblia mnawajua, Akila na Prisila. Wametajwa mara sita na hakuna hata mara moja ambapo mmoja katajwa bila mwenzake. Na mara nyingi jina la mke ndilo linalotangulia. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio, wakashona mahema Korintho, wakamkaribisha Paulo nyumbani. Na Apolo, mtu hodari wa kusema, alipokuja na elimu pungufu, walimchukua kwao wakamweleza. Wote wawili. Luka hakuandika kwamba Akila alimweleza huku Prisila akiandaa meza.

Basi niliporudi kwa mama mkufunzi nikamwuliza, "Nirudi nyumbani?" Akanitazama kama niliyeuliza saa. "Sikukuambia urudi," akasema. "Nilikuuliza umekuja kufanya nini. Karatasi yako unayo?" Nikasema ninayo. Akasema, "Itunze. Ina nafasi kubwa chini."

Kuna methali yetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale ya tatu tulipewa ufagio. Mume wangu alipangiwa vyoo pamoja na daktari mmoja na kijana aliyekuwa mchezaji wa mpira. Mimi nikapangiwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, pamoja na bibi mmoja mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi pale. Sikufurahi. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na kazi yangu ofisini ambayo niliiacha, na sasa nimeinama juu ya beseni. Lakini siku hiyohiyo ndipo lugha ilipoanza.

Njia waliyotumia kutufundisha lugha ina historia yake. Tom na Elizabeth Brewster, mume na mke tena, mwaka 1976 walitoa mwongozo wa kujifunza lugha ukiwa katikati ya wenyewe, na mafundisho yao yalikuwa mepesi kuyasema: jifunze kidogo, kitumie sana. Tom alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na bado walizunguka nchi baada ya nchi wakifundisha hivyo. Walisisitiza pia kwamba mgeni aingie kwa wenyeji siku zilezile za mwanzo, wakati bado ana wepesi wa kushikamana na watu. Akikaa kwanza wiki tatu na wageni wenzake, atashikamana na wageni wenzake. Kwa hiyo asubuhi unakariri sentensi mbili, mchana unatoka nazo, unawaambia watu 30 maneno yaleyale mawili. Sentensi yetu ya kwanza ilikuwa "Hiki ni nini?" Ya pili ilikuwa "Sijui zaidi ya hapo," na ndiyo tuliyoitumia zaidi.

Nilianza na ndoo. Nikamwonyesha bibi kidole kwenye ndoo, nikauliza. Akanipa neno. Nikaandika. Akapita msichana, nikamwuliza, akanipa neno jingine. Nikaandika. Nikamwuliza mzee wa bustani, akanipa la tatu. Nikajiona nimevuna, nimepata visawe vitatu kwa asubuhi moja! Nilizunguka siku mbili nikiwaomba watu waniletee "tupu," na wengine nikiwaomba "ya buluu." Ndoo halisi ilikuwa neno la bibi.

Mwenzangu yeye hakuwa anakosea. Alikuwa hasemi. Mtu aliyezoea kusema kwa ufasaha hawezi kuvumilia kusema kama mtoto wa miaka miwili. Anangoja mpaka sentensi iive, na sentensi haiivi mdomoni kwa mtu asiyefungua mdomo. Alikaa na daftari lenye majedwali mazuri ya vitenzi. Mimi ambaye nyumbani nilikuwa mtu wa kunyamaza, nikawa ndiye ninayeulizwa, "Wanasemaje?" Nilikuja kusoma kwamba yalimpata Ann Judson vilevile: mumewe alishinda na mwalimu na vitabu, akaijua sarufi ya Kiburma kwa kina, lakini Ann, kwa sababu alikuwa anaendesha nyumba na kusema na watu kutwa, akawa anazungumza vizuri kuliko mumewe. Na hakuishia hapo, alijifunza na Kithai, akatafsiri Injili ya Mathayo.

Siku ya tano mume wangu alipata nafasi. Walimwomba atoe ushuhuda kwenye kikundi cha wenyeji, kwa mkalimani. Nilimwona uso unang'aa. Alizungumza dakika tatu bila kupumua, alikotoka, usiku aliookoka, maono ya mto. Mkalimani akasikiliza kwa adabu, akasema sentensi moja, watu wakatikisa kichwa kwa furaha. Baada ya ibada akamwendea. "Ndugu, umewaambia nini?" Mkalimani akasema, "Nimewaambia umefurahi kuwa hapa." "Na mengine?" "Mengine watayaona."

Naomba mnisamehe, nilicheka mpaka nikatoka nje. Yeye hakucheka siku ile. Usiku ule, kwenye vile vitanda vinavyoachana, alilia, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akilia. Alisema, "Kama sihubiri, mimi ni nani?" Sikuwa na jibu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu tufike tulikuwa watu wawili wenye swali moja. Yeye ana wito asioweza kuutamka, mimi nina mdomo usiojua wito wake. Tulilala kwenye kitanda kimoja cha chuma, cha mtu mmoja, tukiwa tumejikunja.

Kuna mtaalamu wa anthropolojia, elimu ya watu na tamaduni zao, aliyeitwa Kalervo Oberg. Mwaka 1954 alizungumza mbele ya klabu ya wanawake mjini Rio de Janeiro juu ya kile tunachokiita mshtuko wa utamaduni, na ndiye aliyeeneza wazo hilo. Alieleza kwamba mgeni huanza na kama fungate, kila kitu kinapendeza. Kisha huja kipindi cha kuchukia kila kitu. Kisha taratibu anazoea. Wakufunzi walituchorea mstari wake ubaoni, unashuka na kupanda. Wanandoa, mstari ule uko sawa, ila umechorwa kwa mtu mmoja. Mko wawili, na hamtashuka pamoja. Mimi nilianza chini, siku ya pili. Yeye akaporomoka siku ya tano nilipokuwa naanza kupanda. Anayepanda humwona mwenzake mvivu wa imani, na anayeshuka humwona mwenzake mwepesi wa mambo. Ukimwona mwenzio amekaa kitandani anaangalia picha za nyumbani kwenye simu, usimletee mstari wa Biblia. Kaa hapo, tazama picha naye.

Wazee wa kanisa, sasa nageukia kwenu kidogo, na sitakuwa na adabu sana. Mnapowahoji hawa, wahojini mmoja mmoja. Mke aingie peke yake, bila mumewe, aulizwe na wanawake wenzake, na akisema "sijui" msiandike kwamba amekataa. "Sijui" ya nyumbani ni nafuu kuliko "sijui" ya ugenini. Kingine: msiwadai barua ya maombi wiki ya kwanza. Sisi tuliandika ya kwanza siku ya nne, "Mungu anatenda makuu," na siku ile mimi nilikuwa nimelia bombani na mwenzangu ameziba choo. Sikuwa na nguvu ya kuandika uongo wa pili, kwa hiyo barua iliyofuata ilichelewa miezi miwili, na baadhi yenu mlidhani tumerudi nyuma. Na kama hawa wana watoto, ulizeni nani atakaa na watoto saa za lugha. Msipouliza, atakaa mama, na mwaka ukiisha baba atakuwa na lugha na marafiki, mama atakuwa na chumba. Nimewaona wengi wa hivyo. Wanarudi, na inaandikwa "sababu za kifamilia."

Nimalizie habari ya yule bibi wa mashuka.

Siku ya tisa hakuja kazini. Nikafua peke yangu mpaka mchana. Nikauliza, mtu akanionyesha kwa mkono, nyumba ya tatu ukivuka. Nilikuwa na maneno kama 40 hivi. Niliyapitia njiani, nikaona hakuna hata moja la ugonjwa wala la pole. Nikampata nje ya nyumba yake, ameketi kwenye benchi, amejifunika, anatetemeka kwa homa. Alinitazama kwa mshangao, nadhani hakuna mtu wa chuoni aliyewahi kufika pale. Kisha akaniuliza kitu. Neno la kwanza nililijua, la pili nililijua, na swali zima likakaa sawa kichwani mwangu kabla sijajiandaa nalo. Aliuliza, "Umekuja kufanya nini?"

Swali lilelile. Mama mkufunzi hakuwepo, karatasi haikuwepo, mume wangu alikuwa chooni na ufagio. Nikatafuta jibu ndani ya yale maneno 40. Vitenzi nilikuwa navyo sita: kufua, kuleta, kwenda, kunywa, kukaa, kujua. Kufua si kweli, siku hiyo nilikuwa nimemaliza. Kuleta, mikono yangu mitupu. Nikasema, "Kukaa." Nikajisahihisha, nikaweka nafsi na wakati kama tulivyofundishwa: "Nimekuja kukaa."

Akalifikiria. Akavuta shuka yake, akasogea, akanipa nusu ya benchi. Tulikaa mpaka jua likapungua. Nilimletea maji mara mbili, kwa sababu kitenzi cha kuleta nilikuwa nacho na neno la ndoo nalijua, lile la kwake. Sikumhubiria. Nisingeweza. Aliposinzia niliomba kwa Kiswahili, polepole, na nilipofungua macho nikamkuta anasikiliza.

Usiku nikaichukua ile karatasi. Chini ya ule mstari wa kwanza, ambao sikuufuta kwa sababu nao ulikuwa kweli, nikaandika maneno mawili. Nikampa mume wangu. Alisoma, akauliza, "Kukaa wapi?" Nikamweleza habari ya benchi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kesho nipeleke na mimi." Akaenda, na majedwali yake yote, akakaa ukingoni mwa benchi lile kama mtoto aliyeletwa shule, na neno la kwanza alilolisema kwa sauti katika lugha ile, mbele ya bibi na wajukuu wake wanne, alilikosea, wakamcheka, akalirudia.

Karatasi ninayo humu kwenye Biblia, wanaotaka kuiona waje baadaye. Saa yangu imekwisha na mwenye kipaza sauti ananipungia mkono. Mume wangu atakuja kuwasalimu. Amepewa dakika tano, na safari hii hakuna mkalimani wa kumkatisha, kwa hiyo mzee, tafadhali, kaa karibu naye.